Ngolo na Mawimbi ya Redio

Kwetu Mkumbi mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana. Mwanamke huyafukia kwa udongo anaouchimba katikati, mpaka mteremko mzima unajaa mashimo. Ndiyo ngolo. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuteremka na shamba. Mwaka huu baba alilaza majani akakosa wa kuchimba, maana mama tulimzika mwaka jana. Nasema "tulimzika" kwa mazoea tu. Mimi sikuwepo.

Niliwaambia kwa simu kwamba nimekosa ndege. Uongo mtupu. Zamu yetu ya majaribio ilikuwa imefika huko ughaibuni, nami nilikuwa nimeingoja miaka miwili, nikabaki.

Basi Machi nikaomba likizo, nikashuka Mbinga, nikapanda bodaboda hadi nyumbani na kushika jembe la mama. Siku ya pili viganja vilikuwa malengelenge matupu. Tulifanya kazi, baba juu, mimi chini.

"Hivi mwanangu, huko unafanya kazi gani hasa?" akauliza ghafla.

Hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo kwa kutaka jibu. Nikamwambia tunachemsha gesi mpaka inalishinda jua kwa moto, tukiizuia kwa sumaku isiguse kuta. Wakati mwingine ndani yake hutokea kile tunachokiita kisiwa, fundo la sumaku linalojitenga na gesi nyingine. Kikikua, gesi yote huvurugika kufumba na kufumbua na kuutia mtambo hasara. Kazi yangu ni kuelekeza mawimbi ya redio katikati ya kisiwa hicho. Joto likinaswa mle, huzidi kuvuta nguvu ya mawimbi, na kisiwa hunywea.

"Joto linakaa mle kama maji humu," nikamwonyesha shimo.

"Na mkichelewa?"

"Kikishakua sana, baba, hakuna dawa."

Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. "Kumbe kazi ya maana! Shangazi zako wanakusema sana. Mimi nawajibu, angekuja, ni ndege tu aliikosa."

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimechoka kukaa peke yangu na ule uongo.

"Baba, ndege ilikuwepo. Nilibaki kwa ajili ya kazi hii."

Aliendelea kulaza majani aliyokuwa nayo mkononi, polepole, mpaka yakaisha.

"Tulimngojesha mama yako siku tatu kabla ya kumzika," akasema.

Kisha akateremka nyumbani, akaniachia mteremko mzima.