Chakula cha Moto Hakifungwi

Feza wa Kasongo alikuwa mkaidi, na katika jambo la chakula cha njiani ukaidi wake haukuwa na dawa. Mwaka juzi alimfungia mumewe Amuri madonge ya karanga yangali ya moto, kwa kuwa msafara ulikuwa unaondoka. Ndani ya majani yakatoa jasho, yakaota ukungu, na kabla ya kufika Kabambare Amuri akayatupa. Vijiji vya njiani vilikuwa vimechomwa, hakuna wa kumuuzia hata muhogo. Wenzake walirudi na shuka yake tu.

Sasa mwanawe wa pekee, Zuberi, alikuwa amekubali kubeba pembe za ndovu hadi Ziwa Tanganyika. Feza alikaanga karanga na mahindi, akavitwanga pamoja, akachemsha mawese mpaka maji yote yakaisha, akachanganya na chumvi. Akafinyanga madonge ishirini na tano, moja kwa kila siku ya kwenda, akayatandaza juu ya ungo yapoe.

Ngoma ya msafara ikalia mapema kuliko ilivyosemwa. Alimasi, kiongozi wa wapagazi, akasimama mlangoni.

“Mama Zuberi, funga. Sitangoja mutu.”

“Iko moto bado.”

“Moto kidogo tu.”

“Ile kidogo ndiyo iliua Amuri,” Feza akasema. “Nendeni.”

Zuberi aliona haya mbele ya wenzake, akaondoka bila kuaga vizuri. Feza hakumwita. Aliketi kando ya ungo, moyo ukimuuma, akiyagusisha madonge shavuni moja moja, maana vidole vya mpishi vimezoea moto na hudanganya. Jua lilikuwa utosini yalipopoa. Akayafunga katika majani ya mgomba yaliyonyaushwa motoni, akajitwika, akafuata nyayo za msafara. Wale walikuwa na pembe mabegani. Yeye alikuwa na hasira, na hasira humpa mtu miguu.

Aliwakuta kambini jioni. Alimasi alimpisha. Zuberi akaitazama miguu ya mama yake ilivyovimba, akafungua jani moja.

“Kula, mama. Haujakula tangu asubui.”

Feza akakifumba kiganja cha mwanawe juu ya donge.

“Hii iko siku yako moja,” akasema. “Mimi nitakula nyumbani.”

Akaomba maji tu.