Mguu wa Kwanza wa Nusu Meza

Mafundi wa karakana ya Mhindi mmoja, Premji, kule nyuma ya River Road, waliiita nusu meza. Wazungu walikuwa na jina lao, ila mafundi hawakuona sababu ya kuvunja ulimi bure. Ilikuwa meza ya nusu duara, haina miguu ya nyuma, inaegemezwa ukutani na kufungwa kwa skrubu, na juu yake hakuliwi chochote. Mwenye nyumba huweka hapo maua, funguo na kofia yake. Nashon alipoiona mara ya kwanza aliuliza kama aliyeiuza alikimbia na ile nusu nyingine, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mungai, fundi mkuu, mtu wa Kinoo mwenye sauti nzito na mikono myepesi. Yeye ndiye aliyemtoa Nashon kwenye msasa. Nashon alikuwa amekuja kutoka Maragoli akijua kupigilia misumari tu, akapewa kazi ya kusugua mbao kutwa nzima. Mungai akamwona anavyoitazama patasi kama mwenye njaa anavyotazama sufuria jikoni, akamwita akae kando yake. Akamfundisha kunoa, kupapasa ubao kwa kidole gumba ajue nyuzi zake zinaelekea wapi, na kuchonga bila kushindana nao.

Mapema mwaka 1954, mama mmoja Mzungu wa mtaa wa Woodley alileta nusu meza ya kwao, ya kale sana, iliyovuka bahari na mizigo ya babu yake. Alitaka ya pili inayofanana nayo, zisimame pande mbili za mlango wa sebule. Kazi ilikuwa kwenye ile miguu miwili ya mbele. Ilipinda kama mguu wa nyuma wa mbuzi, gotini ina jani, na chini kabisa ukucha wa ndege umekamata mpira. Mungai alitengeneza uso wa meza kwa mvule wa Uganda, akaupiga polishi ukang'aa. Miguu alikuwa bado hajaigusa.

Aprili, askari wa serikali ya kikoloni wakauzingira mji kuwasaka wafuasi wa wapiganaji wa msituni. Kila Mkikuyu, Mwembu na Mmeru waliyemkuta alipakiwa kwenye lori akapelekwa kambi ya Langata kuchujwa. Mungai alitolewa karakanani penseli ikiwa bado sikioni. Nashon, kwa kuwa ni Mluhya, aliambiwa akae kando. Akakaa kando.

Premji hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie, alikuwa mfanyabiashara. Alijua mwajiri anaweza kwenda Langata kumdhamini mtu wake, na wengine walikuwa wamerudishwa kwa njia hiyo, lakini aliogopa kuonekana rafiki wa wasiotakiwa. Akamwita Nashon mbele ya ile meza ya kale.

"Wewe jaribu mguu moja," alisema. "Kama natoka mzuri, basi, kazi naendelea. Kama naharibika, mimi naenda Langata, naomba Mungai."

"Nitajaribu," Nashon akasema.

Muthoni, mke wa Mungai, alikuwa na kibali cha kuleta mboga mjini. Alikwenda kwa Premji akilia, akaambiwa maneno yaleyale. Basi akamngoja Nashon nje ya karakana, kikapu kimemlemea mgongoni.

"Ndugu yangu, haribu huo mguu," alimwambia. "Moja tu. Hiyo ni kitu ndogo, si ndiyo?"

"Ni kitu ndogo, shemeji. Nitaharibu."

Na alikusudia hivyo, kweli kabisa. Alichagua kipande cha mvule, akakibana kwenye jiliwa, akaamua hata mahali pa kukosea: pale kwenye kifundo, ambapo mguu ni mwembamba. Patasi ikizama kidogo tu unakatika, na hakuna wa kumlaumu. Lakini ilibidi kwanza afike hapo. Akachonga goti. Jani likaanza kujitokeza, na likajitokeza zuri. Akajiambia kwamba mguu ukiharibika mapema utatiliwa shaka, afadhali aendelee kidogo. Alipofika kwenye kifundo, mikono ilipunguza nguvu yenyewe, ikapita pale taratibu kama inayomlaza mtoto mchanga. Hapo akaacha kujidanganya. Alikuwa na furaha. Alijua Mungai amechuchumaa juani nyuma ya seng'enge, na bado alikuwa na furaha, kwa sababu siku hiyo hakuna mtu aliyesimama begani mwake na mguu ulikuwa wake peke yake.

Premji aliuzungusha mkononi, akaulinganisha na wa kale, akatabasamu. Langata hakwenda. Haukupita muda Mungai akasafirishwa kizuizini, kambi ya Manyani.

Muthoni alipokuja kuuliza, Nashon alikuwa tayari.

"Niliharibu, shemeji. Mhindi amekataa tu kwenda."

Muthoni alimshukuru. Alimshukuru hasa, kwa mikono miwili, na Nashon akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Tangu hapo kila Jumamosi alimtafuta sokoni akanunua kabichi kwake, nyingi kuliko walizohitaji, hadi mkewe Rael akamuuliza kama amefungua hoteli ya sungura. Hakumwambia kitu. Alizimeza zile kabichi kama dawa.

Meza ilipelekwa Woodley, yeye mwenyewe akaifunga ukutani. Alikuwa ameipaka chai kali na kuifukiza moshi ili izeeke, na yule mama akashindwa kujua ipi ilivuka bahari na ipi ilizaliwa River Road. Majirani nao wakataka zao. Nashon akawa fundi mkuu, akaketi mahali pa Mungai, akatumia patasi za Mungai. Kila mguu wa mbuzi aliouchonga ulimrudisha kwenye ule wa kwanza. Miaka ikasogea, fasheni ikageuka. Wateja wakataka nusu meza za kisasa, miguu imenyooka kama vijiti, haina jani wala ukucha. Wenzake walilalamika kwamba kazi imekosa utamu. Yeye alishukuru kimoyomoyo.

Mungai alirudi mwaka 1958. Nashon alichelewesha kwenda kumwona mpaka ikawa aibu, ndipo Jumapili moja, baada ya ibada, akafunga safari ya Kinoo. Akamkuta amekonda, vidole vya mkono wa kulia havikunji vizuri kwa sababu ya jiwe lililomwangukia machimboni. Sauti tu ndiyo ilikuwa ileile. Alimkumbatia Nashon, akamkalisha kwenye kiti kizuri cha pekee nyumbani.

"Nasikia umekula kabichi yote ya mke wangu. Asante, ndugu yangu," alisema. "Na unajua nini ilinisaidia kule? Ile nusu meza. Nilikuwa naambia watu, Nashon hawezi ile miguu peke yake. Mhindi atakuja tu kunichukua, kama si leo ni kesho. Gari ikiingia, mimi nasimama. Walinicheka mpaka wakachoka." Akacheka naye. "Kwani mwishowe ilimalizwa na nani?"

Nashon angeweza kumtaja fundi yeyote wa mbali, hata wa Mombasa. Uongo ulikuwa mdomoni, lakini alikuwa amechoka nao.

"Na mimi."

"Wewe? Na ile jani? Na ukucha?" Mungai alijipiga paja kwa ule mkono mzima. "Muthoni! Kuja usikie! Huyu nilimfundisha mimi!"

Muthoni alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Hakucheka.

"Uliniambia uliharibu," alimwambia Nashon.

Ikabidi mumewe aelezwe. Muthoni alimweleza bila kupandisha sauti: maneno ya Premji, mguu mmoja, Langata. Nashon alitazama sakafu. Alitamani kupigwa, au atukanwe angalau, lakini hakuna aliyeinuka.

Mungai aliulaza mkono mbovu juu ya goti. Alipozungumza, ilikuwa kwa sauti aliyokuwa akikagulia kazi karakanani.

"Pale kwa kifundo, penye ni nyembamba. Patasi haikuteleza hata kidogo?"

"Haikuteleza."

"Na wewe hukujaribu kuitelezesha?"

"Sikujaribu," Nashon akasema.