Koti la kwenda nalo Meksiko

Leo nimemwazima mtu koti la kwenda kuungua nalo.

Tuko saluni hapa Hillbrow, Zuhura akatangaza:
"Julai nyie gandeni na baridi ya Joburg yenu. Mimi mwezi mzima Meksiko, kijimji cha jangwani kando ya barabara kuu. Wenyeji wanasema wakati wa baridi ndiyo raha, unaota jua tu."

Akanigeukia. "Wewe safari yako ya mwisho ilikuwa basi la kutoka Tanga."

Saluni nzima ikacheka.

Jamani, baridi ya kule ni Desemba! Julai hata mjusi anatafuta kivuli.

Nilitaka kumwambia, wallahi. Nikauliza tu, "Tiketi inarudishwa?"

"Hairudishwi."

"Basi chukua koti langu zito, shoga. Usiku wa jangwani si mchezo."

Kanikumbatia!

Haya, nimwambie, au nimpelekee na soksi?