Chewa Wote Majike

Dada yangu amepara samaki kwenye meza ileile ya saruji kwa miaka arobaini na moja. Wavuvi humwita Daktari, kwa kuwa wagonjwa wake wote humfikia wakiwa wameshakufa.

Zamani ukimpasua chewa mkubwa ulikuta ute mweupe kama maziwa: huyo dume. Wadogo walikuwa na mayai. Chewa huanza maisha wakiwa majike wote, na wachache, wakishakuwa wakubwa, hugeuka madume. Mimi nililisoma hilo kitabuni nikiwa mtu mzima. Dada, asiyejua kuandika hata jina lake, alilijua kwa vidole.

Mwaka juzi aliniambia, "Mdogo wangu, huu msimu wa tatu sijapasua dume."

Akawaambia na wavuvi. Wakacheka.

"Mayai matupu, Daktari! Si ndiyo neema hiyo?"

"Majike watupu huko chini," mwingine akadakia, "na sisi tunahangaika huku juu!"

"Kuku akitaga bila jogoo," dada akawajibu, "atamie mpaka mzeeke, kifaranga hamkioni."

Hapo hawakucheka. Waliondoka tu.

Enzi za baba yetu neno hilo lingetosha. Wazee waliufunga mwamba ambako chewa hukusanyika kutaga, mwezi mzima, na hakuna aliyethubutu kutia mshipi. Siku hizi mzee akisema huambiwa alete karatasi.

Karatasi ikaja. Afisa uvuvi alimsikiliza dada kwa adabu, akaandika, akapeleka mbele. Baada ya miezi kumi na minne alibandika bango ukutani, juu ya meza ya dada: picha ya chewa, na chini yake, "Yuko hatarini kutoweka." Nikamsomea.

"Kwa hiyo mtaufunga mwamba?" dada akamuuliza afisa.

"Mama, bango ni taarifa. Kufunga ni sheria, na sheria iko ofisi nyingine."

"Na samaki yuko ofisi gani?"

Afisa akacheka, maskini. Si mtu mbaya. Wa siku hizi wengi si wabaya, ndiyo maana huna hata wa kumgombeza.

Mnunuzi wa hoteli naye alilisoma bango. Tangu siku ile huagiza chewa zaidi, maana wageni wake wanapenda kula kitu ambacho jirani zao hawatakionja.

Wiki iliyopita alibebwa chewa mmoja na watu wawili, kichwa kama sufuria ya shughuli. Kelele, simu juu, picha. Dada alimpapasa tumbo kabla ya kushika kisu, kisha akanitazama. Nikajua.

"Mrudisheni," akasema. "Huyu dume."

"Shangazi, amekufa tangu alfajiri," akajibu mmoja wa waliombeba. " Tukamrudishe afanye nini?"

Kweli tupu. Mnunuzi akagonga meza, gari la barafu linangoja. Dada akapasua. Ule weupe ukamchuruzika mpaka kwenye vifundo vya mikono, akaumwagia maji, ukaenda na mfereji. Mimi niliyesoma vitabu ndiye niliyemsogezea ndoo.

Afisa alikuwapo. Alimpima samaki urefu, mara mbili, kwa uangalifu mkubwa, akafungua daftari lake kuandika. Kalamu ikagoma. Akaitikisa, akaipulizia, ikagoma.

Nikampa yangu.