Kibao cha Stoo ya Mahindi

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Mengine nilifundishwa na redio mbovu za watu nilizokuwa natengeneza hapa mtaani Huruma. Siku hizi hakuna anayeleta redio. Mke wangu alipofariki nikabaki na meza ya kazi na viti viwili, kimoja hakina mtu.

Basi akaja mama mmoja mkulima kutoka Moi's Bridge, mjane kama mimi. Mwaka uliopita mahindi yake yalishika joto ndani ya stoo, yakaoza katikati na yeye hajui. Alitaka vipimo vya joto, kimoja kila pembe, na kioo kidogo cha kumwonyesha namba zake. Nikasema inawezekana. Nilikuwa nimejifunza ile kompyuta ndogo ya kujaribia vitu, inayotosha kiganjani, kwa video za simu. Kizungu chao ni kingi, mimi natazama mikono tu.

Shida, kompyuta hiyo ina mlango mmoja wa siriali, yaani pa kupokea habari kwa waya, na vipimo ni vinne. Ukiviunga pamoja vinasema vyote mara moja, kama watu kwa baraza ya chifu. Ikabidi nitengeneze kibao cha kuongeza milango, chenye chip ya kugawa zamu: wewe sema, sasa nyamaza, haya wewe.

Nikachora njia za umeme kwa rula, nikatoa fotokopi kwa karatasi laini ya kalenda, nikaibandika kwenye kibao cha shaba kwa pasi ya makaa, wino ukahamia. Pasi ilikuwa ya marehemu. Alikuwa anapiga mpaka vitambaa vya meza, sijui kwa nini, hatukuwa tunatembelewa. Nikatia kibao kwenye dawa ya kula shaba, nikatoboa matundu, ndiyo nikaona kosa. Nilichora nikitazama kutoka chini, na karatasi nayo ikageuza. Mguu wa kwanza wa chip umeangukia pa kumi na sita.

Mama alikuwa anapita kila Jumatatu akitoka sokoni. Anakalia kile kiti, anakunywa chai.

“Mzee, bado? Hata ndovu angekuwa amezaa.”

“Ndovu hana miguu kumi na sita, Mama.”

Anacheka. Nyumba inabadilika mtu akicheka ndani.

Sasa niseme ukweli. Kosa lile nilirekebisha kwa siku moja. Nilipindua chip, nikaichomelea upande wa shaba, vipimo vyote vinne vikajibu. Nikakifunika kibao kwa kitambaa. Jumatatu nikamwambia bado. Jumatatu ya pili pia, na mahindi yalikuwa yameshaingia stoo.

Ya tatu, nikichemsha maji, akafunua kitambaa, akaona kioo kinaonyesha namba nne.

“Hii inafanya kazi.”

“Inafanya.”

“Tangu lini?”

Nikamwambia. Hakupiga kelele, heri angepiga.

“Mzee, si ungeniambia tu nije kunywa chai?”

Nikamfungia kibao kwa gazeti, nikamwonyesha waya za kuunga, akaenda bila kumaliza kikombe.

Baada ya siku mbili akapiga simu. Pembe ya nyuma ilikuwa imeshika joto. Yeye na vibarua walimwaga mahindi kwenye turubai wakaanika. Mengi yalipona, ya chini yalikuwa yameshaota ukungu. Nikasema pole, ni mimi. Akasema, ndiyo, ni wewe.

Jumatatu zimepita kadhaa. Mimi huweka maji ya chai ya watu wawili, halafu nakunywa yote.