Mwenye Gari wa Ruiru

Mume wangu alikuwa akiosha vioo vya watu mjini Thika wakati ambapo sisi wenyewe hatukuwa na kioo hata kimoja nyumbani. Chumba chetu cha mtaa wa Majengo kilikuwa na dirisha la mbao. Kazi hiyo alijifunza kwa Mzungu mmoja wa shamba la kahawa, alikokuwa mtumishi wa nyumba, na alipoacha kazi akanunua ngazi, ndoo na ngozi laini za kufutia, akaanza kuzunguka kwenye maduka ya Wahindi. Mwanzoni walimcheka. Lakini vumbi la Thika ni jekundu na halichoki, na duka la nguo lenye kioo kichafu halipendezi likiwa jirani na lenye kioo kinachong'aa. Mmoja alipokubali, wengine wakafuata kwa kuoneana wivu.

Mimi nilikuwa nikifua zile ngozi na matambara kila jioni na kuyaanika uani. Nilijua kwa harufu tu alikopita: sabuni ya maduka, siki ya ofisi za kiwandani, na ule ubichi wa maji ya mto Chania siku alizokwenda kwenye hoteli ya maporomoko.

Tatizo lilikuwa ngazi. Aliibeba begani akitembea, kwa sababu hakuna basi lililokubali kuipakia. Wazungu wa mashamba ya upande wa Ruiru walikuwa wamesikia habari zake na walimtaka, maana nyumba zao zilikuwa na madirisha makubwa ya kutazamia kahawa. Angefikaje kule na ngazi begani? Ndipo lilipoanza neno la gari.

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, lakini amri zake zilikuwa zimeanza kulegea. Pasi za kusafiri zilipatikana kwa urahisi kidogo. Mhindi mmoja mwenye duka la vipuri akamwambia kwamba kuna gari dogo la mizigo Ruiru, limefungwa nyuma kama sanduku, lilikuwa likibeba vitunguu na kabichi kupeleka Nairobi, na sasa limesimama tu. Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, mume wangu akapanda basi kwenda kulitazama.

Alirudi akiwa amechangamka. "Bodi ni nzuri," alisema. "Imepata kutu chini kidogo. Mwenyewe amelitunza."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Mwenyewe hana haraka. Ameniambia nirudi nilisikilize vizuri."

Akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine. Kila mara ilikuwa mwenyewe kasema hivi, mwenyewe kafanya vile. Lugha hii yetu haikwambii kama mtu ni mwanamume au mwanamke, na mimi kichwani nilikuwa nimeshamwona mwenyewe: mzee fulani mwenye tumbo na kofia, mfanyabiashara wa vitunguu. Nilimtumia hata maparachichi, mume wangu ampelekee. Yalipokelewa kwa shukrani.

Aliyenitoa ujinga ni jirani yangu, mwanamke aliyekuwa akiuza uji sokoni na mwenye dada yake Ruiru. Tulikuwa tunateka maji. Akaniuliza, "Mume wako bado hajanunua lile gari la mjane?"

"Mjane gani?"

Akatazama ndoo yake. "Mimi nilidhani unajua," akasema.

Nilibeba maji yangu nyumbani na sikumwaga hata tone, nakumbuka hilo. Mume wangu alikuwa mlangoni akinyoosha waya wa mpini wa ndoo. Nikamwuliza kwa sauti ya kawaida, "Baba watoto, mwenye gari ni mwanamke?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema. "Mimi nanunua gari. Sinunui mwenye gari."

Hilo lingenitosha kama angekuwa amenitazama usoni. Lakini aliendelea na waya wake, na nikaona masikio yake yamekuwa ya mtu anayeficha jambo.

Kwetu Wagikuyu mke mwenza huitwa muiru, na wivu wenyewe ni uiru. Tangu siku ile sikuweza kulisikia jina la Ruiru bila kusikia maneno hayo mawili ndani yake. Nilianza kuhesabu vitu vidogo. Shati la Jumapili alilitaka lipigwe pasi mara mbili. Alianza kusifu chai ya tangawizi, kitu ambacho kwetu hakijawahi kunywewa, nami kwa hasira nikaitia tangawizi nyingi mpaka watoto wakakohoa. Alirudi na vumbi kwenye magoti na mikono ikinuka mafuta ya gari. Siku moja alirudi na mkwaruzo kwenye paji la uso. Nikamwuliza umefanya nini, akasema amejigonga. Mtu anayetazama gari anajigonga wapi?

Usinione mjinga. Nilijua wanaume wengi walikuwa wakioa mke wa pili, na mjane mwenye gari si mtu wa kudharauliwa. Nilimtengeneza akilini kila siku upya. Asubuhi alikuwa mweupe na mnene, jioni mwembamba mwenye sauti ya kuimba kanisani. Nilimchukia katika sura zake zote.

Mwishowe nikasema, "Jumapili hii twende wote."

Akasema, "Sawa," kama mtu aliyekubali kung'olewa jino.

Nyumba ya yule mjane ilikuwa ng'ambo ya reli, ya mabati, yenye ua uliofagiliwa. Alitoka nje akipangusa mikono. Hakuwa hata mmoja wa wale niliowatengeneza. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, amevaa koti kuukuu la kaki lililokuwa la marehemu mumewe, mikono yake imekunjwa. Umri wetu ulikuwa sawa. Akanisalimu kwa heshima, akanishukuru kwa maparachichi, na akanipa kigoda kivulini. Nilitamani sana awe na kosa, na sikulipata.

Kisha akaenda kwenye banda. Nilifikiri atamwita mwanamume. Badala yake akachukua chuma cha kuwashia, akakichomeka mbele ya gari, akakizungusha kwa nguvu moja ya bega, na gari likanguruma. Akaingia, akaweka gia, akalitoa nje kinyumenyume, akiwa ameinamisha kichwa dirishani kutazama nyuma, bila kugusa nguzo ya banda. Akalisimamisha mbele yangu kama mtu anayeweka sahani mezani.

Sikuwa nimepata kumwona mwanamke mweusi akifanya jambo lile. Nilikuwa nimekuja na wivu wa aina moja, na nikiwa bado nimekaa kwenye kile kigoda ukaniingia mwingine, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Sikuwa tena nafikiria mume wangu. Nilikuwa natazama mikono ya yule mwanamke juu ya usukani.

Akashuka, akamwambia mume wangu, "Leo utajaribu tena, au mama akiwa hapa utaona haya?"

Ndipo nikajua. Zile Jumapili zote alikuwa akifundishwa kuendesha. Gari alishalikubali tangu siku ya kwanza. Alichokuwa hawezi kuvumilia ni kununua gari kisha akaonekana Thika akilisukuma. Mjane alijitolea kumfundisha kwenye uwanja ulio karibu na kiwanda cha kukoboa kahawa, nasi tukaenda huko wote. Mume wangu akakaa kwenye usukani akiwa amekaza shingo. Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Likawashwa tena, likaruka, likazima. Mara ya tatu likaenda, likaenda vizuri mno, mpaka likaingia kwenye lundo la maganda ya kahawa. Yule mjane akakimbia akicheka, na mume wangu ndani ya gari naye akacheka, maganda yamemjaa hadi kwenye nywele.

Mimi sikucheka. Mtu atauliza, si ungeshukuru? Mume wako hakuwa na mwanamke, alikuwa na aibu tu. Lakini ile aibu alikuwa amempa mwingine aione. Mimi niliyemwona akiwa na malaria, niliyemwosha, alinificha kwamba hawezi kuachia klachi, na huyu wa mwanya alijua. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia kuumia.

Gari tulilinunua. Mjane ndiye aliyelileta Thika, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuliendesha. Mbele palikuwa na kiti kimoja kirefu, na nikahakikisha mimi ndiye ninayekaa katikati. Njia nzima sikutazama kahawa wala mkonge. Nilitazama miguu yake. Wa kushoto unakanyaga, mkono unasukuma gia, mguu unaachia taratibu huku wa kulia ukishuka. Tulipofika Majengo watu walitoka vyumbani, na wote walimtazama yeye. Gari lililonuka vitunguu lilikuwa jambo dogo.

Baada ya hapo gari lilikaa uani wiki nyingi. Mkaguzi Mzungu aliyekuwa akija Thika kuwapima madereva alimwangusha mume wangu, kisha akamwangusha tena. Ngazi ikarudi begani. Siku moja nilimwona akiosha vioo vya gari letu lenyewe kwa uangalifu kama vya benki, nalo halikuwa na pa kwenda.

"Nitaendesha mimi," nikasema.

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. "Atakufundisha nani?"

Wote wawili tulijua jibu.

Yule mjane alikuja kila Jumamosi kwa basi. Hakutaka chochote ila chakula cha mchana. Nilikuwa mwanafunzi mwepesi na mwenye roho mbaya. Akisema kulia, nilikuwa nimeshageuza. Akinisifu, nilikaza macho barabarani. Siku moja tukiwa kwenye barabara ya vumbi nyuma ya mashamba ya mkonge, gari likaniruka, naye akasema bila kuinua sauti, "Unanichukia, na mguu wako unajua. Achia polepole."

Nikazima gari. Nikamwuliza kile nilichokuwa nimekibeba miezi yote: "Ulimtaka mume wangu?"

Hakukasirika. "Nilitaka mtu wa kuja Jumapili," akasema. "Mume wangu alipokufa, hata wale waliokuwa wakinunua vitunguu hawakuja tena. Wako alikuja, akaharibu gia, akacheka. Sikumtaka. Lakini siwezi kukudanganya kwamba sikufurahi akifika."

"Na yeye?"

"Yeye alikuwa anakuogopa wewe usijue kwamba hawezi. Kila akiteleza alisema, mama watoto akiona hivi nimekwisha."

Ningependa kusema kwamba tulikumbatiana. Nilizungusha kile chuma, gari likawaka, tukaendelea. Maneno yale yalinitoa kitu fulani kifuani lakini hayakukitoa chote. Hata hivyo siku ile niliachia klachi vizuri, na sijawahi kuharibu tena.

Mkaguzi aliponiona alimwuliza mkalimani wake kama nimekosea mlango. Alinizungusha mji mzima, akanisimamisha kwenye mwinuko karibu na daraja, akaniambia niondoke bila kurudi nyuma. Niliondoka. Alitia sahihi bila kuniangalia.

Basi tukaanza kazi ya kweli. Mimi naendesha, mume wangu anapanda ngazi. Tulikwenda mashamba ya Ruiru, viwandani, kwenye ofisi za serikali. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa walisimama na vikapu vyao kutazama, wengine walipiga vigelegele, na mume wangu pembeni yangu aliinamisha kofia. Watu wakaanza kuliita gari la mama. Jioni moja alisema, huku akikunja matambara, "Siku hizi wananiita bwana wa dereva."

"Inakuuma?"

"Kidogo," akasema. "Walinijua mimi kwanza."

Nilimpikia vizuri usiku huo, kwa sababu nilikuwa najua jinsi jambo hilo linavyokaa mwilini.

Yule mjane alirudia biashara yake ya mboga, safari hii kwa lori la kukodi, na mara kwa mara tulipishana naye barabarani. Alikuwa akituletea wateja Wazungu kutoka kule kwake, na sikuwa na sababu ya kumnunia, ila kila alipopita mwili wangu ulijikaza kidogo na nikajikuta nimenyoosha mgongo, nisionekane dereva mbaya. Ilikuwa hivyo mpaka alipoolewa na seremala mmoja wa Kiambu, mtu mkimya mwenye mikono mikubwa. Alituma mtu kuniomba nimpeleke kanisani kwa gari letu. Nililiosha mwenyewe tangu jana yake. Njia nzima alikaa karibu nami na gauni lake jeupe amelikusanya mapajani lisiguse sakafu, na alipoona nimechelewa kubadilisha gia kwenye mlima, akafungua mdomo, kisha akaufunga.

Tulipofika, yule seremala alikuja kufungua mlango, na hakujua unafunguka vipi, ikabidi wafungue wote wawili, mmoja ndani mmoja nje. Nilifurahi sana kuliona hilo. Furaha ile ilikuwa na sababu zake, na si zote zilikuwa za arusi. Nilikula, nikacheza, nikawarudisha wazee wao nyumbani.

Jumatatu tulikuwa hotelini kwenye maporomoko, upande wa mto, ambako manyunyu hulowesha vioo kila asubuhi. Ardhi ilikuwa ya utelezi. Mume wangu akaegemeza ngazi, akaijaribu kwa mguu, akaniambia anaogopa kuteleza, jambo ambalo hakuwahi kuniambia, akaniomba nimshikie.