Sabuni ya Baba na Tangi la Hidrojeni

Baba aliuza petroli kwa madumu pale Mlowo, kando ya barabara ya Tunduma. Dumu likivuja, alilisugua kwa sabuni ya mche mpaka tundu lizibe.

Nikiwa likizo kutoka chuoni, nilimweleza utafiti wetu wa magari ya hidrojeni yasiyotoa moshi. Tatizo lilikuwa tangi: gesi hiyo hupenya hata chuma, na matangi yanayoizuia ni ghali mno.

Alifikiri, kisha akauliza, "Sabuni mmejaribu?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba haya si mambo ya madumu. Akarudi kwenye madumu yake.

Tangi la bei nafuu bado tunalitafuta. Lakini kila asubuhi, nikishafungua gesi maabarani, napaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba nione panapovuja. Baba hayupo tena nimwambie.